Rejista ya Mizigo Isiyodaiwa

Stesheni ya Tabora, chumba cha nyuma.
Kabati la chuma lilikwishapoteza ufunguo,
tukalifungua kwa tindo. Ndani: vitabu tisa,
harufu ya popo, na kipande cha sabuni
kilichokauka kikawa jiwe.

Nilipewa kompyuta moja, miezi mitatu,
na programu ya bure. Si bure ya kutupwa,
bure ya kisima: waliokichimba siwajui,
wameacha kamba na ndoo, na kwenye ukingo
wameandika jinsi ya kuchimba kingine.

Kiswahili ilikijua cha kuombea maji tu.
Wiki ya kwanza nikaifundisha.
Ilipotaka jina la mkusanyiko wote
nikaandika Shina. Chini yake Tawi. Chini yake Kitabu.
Msizya, fundi wa mitambo, akacheka:
"Na mstari mmoja utauitaje, jani?"
Nikasema ndiyo, jani. Lina mti wake.

Kisha fomu ikanihoji kama mkagua tiketi.
Tarehe? Kitabu kinasema:
"kesho yake treni ya Mpanda ilipolala Kaliua."
Fomu inataka tarakimu. Ikawa nyekundu.
Muundaji? Nikaandika Shirika la Reli.
Ikaridhika, mimi sikuridhika.
Shirika halina mwandiko unaolalia kushoto.
Shirika haliandiki:
"Debe la asali, moja, limepungua kidogo, si mimi."

Aliyeandika alitia sahihi K. Mlekwa.

Jani la 41: mkeka, kamba ya katani, kutoka Usoke.
Jani la 42: viatu vya mtoto, jozi moja na kimoja.
Jani la 43: cherehani, haina gurudumu.
Mwenyewe: Nyamizi wa Bukene. Amesema atarudi.

Na pembeni mwa jani hilo, kwa penseli:

"Mzigo hauna kinywa, hukaa ukitazama,
mwenyewe akichelewa, hata jina litahama,
karani nawe utawa—"

hapo chai imemwagika, miaka mingi iliyopita,
na doa limeondoka na lililobaki.

Hapakuwa na kisanduku cha kuweka hayo.
Nikatafuta chini, nikatafuta juu,
nikakaribia kuyatia kwenye "Hali ya Karatasi",
pamoja na mchwa.

Msizya akaja na karanga za kukaanga,
akaipasua programu tumbo, kwa kuwa inaruhusu.
Usiku mbili. Umeme ulikatika mara tatu,
mara ya tatu akatukana kwa Kinyamwezi
maneno ambayo sitayaorodhesha.
Asubuhi kulikuwa na visanduku viwili vipya:
Tarehe kwa Maneno ya Mwandishi.
Pembezoni.

Tukavituma kwa wale wa kisima.
Mmoja akauliza, cha pili ni cha nini?
Nikamjibu: kuna watu waliofanya kazi
wakabaki na nafasi ya upana wa vidole viwili.
Akavipokea. Hakuuliza tena.

Alhamisi rejista ikapanda mtandaoni.
Wasomaji sita. Wanne tulikuwa sisi.

Jumapili, nafua, simu ikaita.
Sauti ya kijana, nyuma yake jogoo.
Hadai cherehani. Anajua haipo.
Anataka kusahihisha:
bibi yake hakuwa Nyamizi, alikuwa Nyanzala,
karani alisikia vibaya, injini ilikuwa inapuliza.
"Na andika kwamba alirudi. Mara mbili.
Ya kwanza ofisi imefungwa.
Ya pili aliambiwa arudi kesho,
na nauli ya kesho hakuwa nayo."

Nikafuta povu mikononi, nikakaa.
Jina la Mlekwa la zamani sikulifuta,
nimelishusha mstari mmoja, nikaliandikia: lilivyosikika.
Kwenye Historia ya Umiliki:
Alirudi. Mara mbili.

Fomu ikauliza, Chanzo cha Taarifa?
Mjukuu, kwa simu, Jumapili.

Hifadhi.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
mtandao wa Tabora nao una taratibu zake,
nikarudi kuanika.